Chuma cha Jasamia

Mjukuu wangu yuko gredi ya saba. Juzi alipewa kazi ya kuandika madini ya Kenya na mahali yanapopatikana. Akaandika magadi, akaandika dhahabu ya Kakamega na titani ya Kwale. Nikamuuliza, chuma je? Akanitazama kwa huruma. "Babu, chuma hakichimbwi. Chuma kiko kwa watu wa skrapu."

Simlaumu. Tangu azaliwe hapa Otonglo, Kisumu, chuma amekiona kwenye mizani ya skrapu na kwenye malori ya nondo yanayotoka mjini, basi. Lakini maneno yake yalinikaa rohoni siku nyingi, kwa sababu palipo duka la simu leo, ng'ambo ya barabara ya Busia, palikuwa na kibanda cha mtu ambaye baba yake alichoma mawe ya mlimani yakawa majembe.

Tulimwita Jasamia. Alitoka vilima vya Samia, upande wa Funyula, akaja kwetu reli ya Butere ilipokuwa ikijengwa, mwanzoni mwa miaka ya 1930.  Alioa hapa, akakijua Kijaluo mpaka akawashinda wenyeji kwa vitendawili, akajenga kibanda chake cha mabati chini ya mkuyu. Mimi nilianza kushinda pale mapema katika miaka ya sitini, nikitoka shule, badala ya kwenda kuchota maji kama nilivyoagizwa.

Harufu ya mahali pale sijaikuta kwingine. Makaa ya mti mgumu yakishika moto polepole; ngozi za mbuzi za mivukuto, zilizopakwa samli ili zisipasuke; halafu ule ukali uliopanda puani chuma chekundu kilipozamishwa kwenye maji. Kijana mmoja alikaa kwenye mivukuto, mkono huu ukipanda huku ule ukishuka, na Jasamia hakuinua macho kutoka kwenye moto. Fuawe lake lilikuwa jiwe. Alikuwa nalo fuawe la chuma pia, kipande cha reli, lakini kazi nzuri aliifanyia juu ya lile jiwe jeusi alilotoka nalo kwao, lililosuguliwa na nyundo za watu waliomtangulia mpaka uso wake ukateleza.

Wakati huo alikuwa akifua majembe, mapanga na mikuki kutokana na springi za malori. Alikata kipande, akakitia motoni, akasoma rangi. Nyekundu ya damu, bado. Machungwa, sasa. Ikifika njano inayokaribia weupe, aliking'oa haraka kwa koleo, maana cheche zikianza kuruka chuma kinaungua. Panga likishapata umbo alilizamisha majini, likawa gumu hata likianguka lavunjika. Hapo ndipo ufundi ulipoanza. Alisugua ubavu wa panga kwa jiwe la kunolea hadi ukang'aa, akalirudisha karibu na moto, na sote tukainama kutazama rangi zikitembea juu ya ule mng'ao: kwanza manjano ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Rangi aliyoitaka ikifika kwenye makali, majini tena, na kazi imekwisha. Panga hilo lilikata miwa ya Miwani na Muhoroni miaka na miaka.

Alikuwa na mawe mawili aliyoyaweka kwenye debe. Siku moja alinipa yote mawili, kila mkono lake. "Nyathina, mwanangu, lipi linakuvuta chini?" Yalikuwa na ukubwa mmoja, lakini la kulia lilikuwa zito mno. Akalichukua, akapiga nalo mstari juu ya fuawe, na mstari ukatoka mwekundu ingawa jiwe lenyewe lilikuwa la kijivu. "Hili ndilo linazaa." Ndivyo nilivyojifunza kuutambua mtapo wa chuma, miaka mingi kabla sijasikia darasani jina la hematiti.

Baba yake alikuwa akiyaponda mawe ya namna hiyo vipande vidogo, akiyapanga na makaa ndani ya tanuru la udongo, na upepo wa mivukuto ukiingia kwa mirija ya udongo. Chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538, na tanuru lile halikufika huko. Halikuhitaji kufika. Makaa yaliinyang'anya mitapo hewa iliyofungamana nayo, mawe mengine yakayeyuka na kuchuruzika yakawa mavi ya chuma, kikabaki kibonge cha chuma chenye matundu kama sifongo. Hicho kilifuliwa kikiwa moto hadi takataka nyingi zikatoka. Jembe la Samia lilivuka mipaka ya lugha. Wajaluo walilinunua kwa mbuzi na nafaka, na katika nyumba nyingi za pwani hii ya ziwa majembe yalihesabiwa pamoja na ng'ombe kwenye mahari.

Mawe yale ya Samia ni ya kale kupita akili. Yamo katika miamba ambayo wanajiolojia huiita ya Nyanza, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, ambayo hushuka mpaka Geita nchini Tanzania na kubeba dhahabu pia. Ukilivunja jiwe lenyewe unaona tabaka la chuma, tabaka la gumegume, tabaka la chuma tena, vyote vikiwa vimetua chini ya bahari iliyokuwapo kabla ya mnyama wa kwanza. Jirani yake yamesimama matale: ndiyo Kit Mikayi unayoiona ukishika njia ya Bondo, ndiyo mawe makubwa ya kupanda Maseno. Na sisi tuko kwenye sakafu ya bonde. Tawi la Bonde la Ufa lilipasuka kutoka mashariki kuja huku, ardhi ikadidimia, maji ya ghuba ya Winam yakaingia. Vilima vya Riat juu yetu ni ukingo uliobaki. Tulipokuwa watoto tulifunga kwa uzi sumaku ya spika ya redio mbovu, tukaikokota kwenye mchanga wa mto Kisian baada ya mvua, ikatoka na ndevu nyeusi za chuma.

Kilichoua matanuru ya Samia hakikuwa uhaba wa mawe. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na nyuma yake yakaja majembe ya kiwandani kutoka Uingereza, ya bei ambayo mchoma mawe hangeweza kushindana nayo. Jasamia alimwona baba yake akichoma. Yeye mwenyewe hakuwahi kulipwa hata senti kwa kuchoma. Alirithi nyundo bila tanuru, na nilihisi lilimuuma, kwa kuwa alilieleza tanuru kila mara kwa wakati uliopo.

Migodi nayo haikudumu. Ami yangu alikwenda Macalder, kule Migori, kwenye shaba. Mgodi ulifungwa mwaka 1966 akarudi na kikohozi na sanduku la bati. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman, Kakamega, ulikuwa umeshafungwa tangu 1952. Kisha Jasamia akafa, wanawe wakaingia kazi za mjini, mkuyu ukakatwa. Mafundi wa jua kali wa Kibuye wakaleta mashine za kuchomelea. Uwanja wa ndege ukapanuliwa, barabara ikapanuliwa, kibanda kikaondoka asubuhi moja chini ya tingatinga. Mwaka 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku kwa miezi michache kwa sababu watu walikuwa wakikata nguzo za stima. Mpaka huko tumefika.

Hasira yangu iko hapa. Riat inakatwa vipande vya ploti na kokoto, na mtu ananunua kipande cha ukingo wa bonde bila yeyote kumwambia amenunua nini. Dhahabu ya Ramula, Siaya, imerudi kwenye magazeti. Sheria ya madini ya 2016 inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha, kaunti 20. Vijana wetu watadai vipi haki ya mawe wasiyoweza kuyatofautisha mkononi? Makumbusho ya Kisumu yana boma zima la Kijaluo, Ber-gi-dala, limejengwa vizuri. Ningependa kuona tanuru la Samia likijengwa karibu nalo, likiwashwa mara moja kwa mwaka, watoto wakishika mivukuto.

Jiwe la fuawe liko kwangu. Mwana wa Jasamia aliniachia alipohama, na yale mawe mawili ya kwenye debe pia. Mwalimu yeyote wa Otonglo, Kisian au Ojolla anayetaka kuleta darasa lake, aje Jumamosi. Makaa ninayo, na kipande cha springi kipo.