Kabla ya Kununua Bando, Kagua Waya

Leo tuweke jembe chini kidogo. Nilimpa jirani yangu, mkulima wa nyanya, ushauri mbaya, na sipendi nawe ukuingize hasara.

Jirani aliunganisha kompyuta na amplifaya yenye spika sita, familia itazame filamu nyumbani. Akaniuliza kwa nini sauti haimridhishi. Nikajibu haraka: mafaili yako yamebanwa hadi yamepoteza sehemu ya sauti, tafuta yasiyopoteza kitu. Akatumia fedha ya mavuno kununua bando na diski kubwa. Alipomaliza, spika za nyuma zikanyamaza kabisa! Mafaili ya zamani yakichezwa, zinalia.

Jioni tukakaa kukagua. Kosa lilikuwa kwenye waya. Alitumia waya wa optiko, ule unaotoa mwanga mwekundu nchani. Waya huo hupitisha njia sita za sauti zikiwa zimebanwa tu, kwa mfano Dolby Digital. Sauti isiyobanwa hupita kwa njia mbili tu. Faili la FLAC halipotezi kitu, lakini kompyuta hulifungua kwanza, kwa hiyo njia sita zikakunjwa kuwa mbili. Dolby Digital ya DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde. Njia sita zilizofunguliwa, za biti 24 na hezi 48,000, hufika karibu kilobiti 6,900. Ni maji ya mfereji kwenye mpira wa matone.

Tukaweka waya wa HDMI, tukachagua spika 5.1 kwenye mipangilio ya sauti. Zote zikalia.

Kwa hiyo, fuata mpangilio huu. Kwanza, kagua waya na mipangilio. Pili, jaribu filamu moja kwa namna zote mbili, kwa ukubwa uleule wa sauti, mtu mwingine akibadilisha huku umefumba macho. Mimi nilijaribu, sikutofautisha. Tatu, usigeuze faili lililokwisha kupoteza kuwa FLAC. Litanenepa tu, kilichopotea hakirudi.

Nilimwomba jirani radhi. Akacheka: "Bwana shamba, si wewe unayetukataza kumwaga mbolea kabla ya kupima udongo?"

Sikuwa na jibu. Wewe pima kwanza.