Siku ya Posho Ni ya Nani?

Wamama munaofanya kazi ya mushahara, leo ninataka tuzungumuze juu ya jambo ambalo hatulisikie mara mingi mu mikutano wala mu redio: kazi ya nyumba. Wengi wetu tunaenda kazini toka siku ya kwanza mpaka siku ya tano. Halafu siku ya posho inafika, watu wanasema ni wikendi, na mama anafunga kitenge kiunoni, anaanza kazi ya pili. Siku ya Mungu anaingia kanisani na usingizi mu macho. Siku ya kwanza anarudi ku buro akiwa amechoka kuliko vile alivyotoka.

Mimi ni mama wa watoto ine, tunakaa Kolwezi. Bwana yangu anafanya kazi mu mugodi kwa zamu: juma moja muchana, juma lingine usiku. Mimi niko mu buro ya ateliye moja. Kazi yangu ni pwantaji, ni kusema kuandika saa ambayo kila mufanyakazi anaingia na saa anayotoka, ili mwisho wa mwezi alipwe haki yake. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ile ya mwaka wa 2002, inasema saa za kazi zisipite 45 kwa juma. Mutu akipita pale, zile ni saa za kuongeza, na zinalipwa zaidi. Hesabu ile ninaijua kwa kichwa. Siku moja nikajiuliza: na saa za mu nyumba, nani anaziandika?

Saa ya zamani

Kwanza tuelewe mambo yametoka wapi. Wazee wetu wanajua sababu gani siku inayotangulia siku ya Mungu tunaiita siku ya posho. Wakati wa Union Minière, kampani iliyoanzishwa mwaka wa 1906, mufanyakazi alikuwa anapokea mushahara pamoja na posho, ni kusema chakula cha juma kwa yeye na jamaa yake. Siku ya kugawa chakula ikapata jina, na jina likabaki hata wakati posho yenyewe iliisha.

Toka miaka ya 1920, kampani ilitaka mufanyakazi akae mu kampi pamoja na bibi yake na watoto wake. Ikajenga mayumba, mahospitali na masomo. Ikaweka vile vile fwaye, fasi ambapo wamama walikuwa wanafundishwa kushona, kupika, kufula na kulea watoto. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Universite ya Lubumbashi, ameandika kitabu kizima juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga na ukubwa wa baba ndani yake. Baba njo alileta chakula. Mama alibaki mu lupango, na muchana wote ulikuwa wake kwa kazi za nyumba.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka ku kazi kwa mupango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Mu mayumba mingi, ni mama njo aliyesimama: kuuzisha ku soko, kulima, kutafuta kazi fasi na fasi. Hata sheria iligeuka. Kanuni ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilikuwa inasema mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kutia sahihi ku mapatano ya kazi. Sheria ya mwaka wa 2016 iliondoa ruhusa ile. Sasa inasema bwana na bibi wapatane, wote wawili.

Basi, mushahara umegeuka, sheria imegeuka. Saa ya nyumba peke yake njo haijageuka. Inaenda bado sawa vile mama anashinda mu lupango muchana mzima. Kazi zote zile za muchana ambao hatuko nao tena, tunazirundika, na siku ya posho njo inazibeba.

Tulihesabu

Nilikamata kaye ya watoto iliyobaki na kurasa tupu. Kwa juma mbili nikaandika kila kazi ya nyumba, nani aliifanya, na ilikamata muda gani. Kuteka mayi, kuwasha mbabula, kupika bukari, kusafisha masahani, kufula, kupiga pasi, kwenda ku soko, kuogesha mudogo. Sikuandika juu ya kumushitaki mutu. Niliandika sawa vile ninaandika ku kazi.

Hesabu ya juma moja ilikuwa hivi: saa 31. Mimi 22. Mutoto wetu wa kwanza, binti wa miaka 17, saa 6. Bwana yangu saa 2. Vijana wawili, wa miaka 14 na 11, saa 1 kwa wote wawili. Mu zile 22 zangu, saa 9 zilikuwa za siku ya posho peke yake.

Mangaribi moja nikamuonyesha baba ya watoto. Akasoma, akarudia kusoma, kisha akasema: "Makumi mbili na mbili? Ile ni karibu posti tatu za ku mugodi! Ni kusema weye unatoka ku kazi, njo unaongeza tena posti tatu?" Hakukasirika. Mutu wa mugodi anajua posti ni nini. Kama ningemwambia tu "nimechoka", angesema "pole". Lakini hesabu aliielewa.

Mama mukwe wangu alikuwa kwetu siku zile. Akasema kwa upole: "Mwanangu, juu ya nini unahangaika? Mutoto mwanamuke eko mu nyumba, amekwisha kukomaa. Shiye bote tulikomea vile."

Ni bwana yangu aliyemujibu: "Mama, mutoto eko mu sita, mwaka huu eko na egzame ya Leta. Tukimupa kazi yote ya mama yake, tutakuwa tumegeuza tu muntu wa kuchoka. Kazi haitapunguka."

Wasomaji wapendwa, ninaomba musikie neno lile vizuri. Mu mayumba mingi, mama anayeenda kazini anapata nafasi sababu binti wa kwanza amekuwa mama wa pili. Kaka zake wanacheza mupira, yeye anatwanga sombe. Wakati matokeo ya masomo yanatoka, tunashangaa. Wikendi ambayo inalipwa na masomo ya mutoto haiko wikendi.

Tulibadilisha nini

Manguo. Mbele tulikuwa tunayaweka mpaka siku ya posho, mulima mzima. Sasa siku ya pili tunafula ya kazi na ya masomo, siku ya ine mashuka. Kila mutu aliyepita miaka 10 anajifulia manguo yake ya ndani kila siku wakati anaoga. Salopeti za mugodi bwana yangu anazifula mwenyewe, mu beseni yake, mbali na manguo ya watoto, sababu ya vumbi. Mashuka hatuyapige tena pasi. Hakuna mugeni aliyekuja kuyaangalia.

Chakula. Maharagwe tunayalowanisha usiku, yanaiva upesi na makala inapunguka. Tunayachemusha vizuri, kisha tunafunika chungu, tunakiweka mu kitunga, tunakizungushia blanketi ya zamani. Yanaendelea kuiva yenyewe bila moto, na mbele ya kula tunayachemusha tena. Sombe tunapeleka ku mashini, hatutwange tena kila mara, na tunapika chungu kikubwa cha siku mbili. Sombe isiharakishwe: lazima ichemuke muda mrefu, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu. Na kwa kuwa umeme unakatika, hatutegemee frigo. Kilichobaki kinachemushwa asubui na mangaribi. Bukari inapikwa kila siku, lakini ile haikawie.

Soko. Mushahara ukiingia, tunanunua unga, mafuta, sabuni na kapenta za mwezi mara moja. Majani na nyanya tu njo tunatafuta kila mara. Juma ambalo bwana yangu yuko zamu ya usiku, akisha kulala anaenda ku soko yeye mwenyewe na karatasi ya vitu.

Mayi na masahani ni kazi ya vijana. Kwetu mayi inatoka ku robine usiku, saa isiyojulikana. Yule wa miaka 14 anapanga mabido mbele ya kulala, na yule mwenye kusikia robine wa kwanza anaamusha wengine. Yule wa miaka 11 anasafisha masahani, na ninawaambia, masahani hayajui kama mikono ni ya kijana ao ya binti.

Kisha miezi mbili nilirudia kuhesabu. Saa 31 zimekuwa 24: mimi 11, bwana yangu 5, vijana 5, binti yetu 3. Siku ya posho, mbele ya jua kuwa kali, kazi imeisha.

Watu watasema nini?

Watasema. Siku ya kwanza bwana yangu kurudi na kitunga, majirani waliokuwa wanakaa chini ya muti walimuita: "Ee baba, bibi amekukalia?" Akawajibu: "Bibi eko ku kazi. Na minaona shiye bote tutakula leo." Wakacheka. Juma lililofuata walicheka kidogo. Sasa mumoja wao anamuuliza bei ya nyanya.

Mama mukwe wangu vile vile hakupenda mara moja kuona mutoto wake na beseni ya manguo. Sikubishana naye. Mukubwa haambiwi kwa kelele. Siku moja alikaa na binti yetu, wakashona pamoja kola ya shati, muchana wote wakizungumuza hadisi za zamani za kampi. Tangu pale hajasema tena jambo juu ya beseni.

Nisiwadanganye, kuna majuma ambayo mupango unaanguka. Kilio kinatokea, mayi inakosa siku tatu, mutoto anagonjwa. Juma kama lile hatusukume kazi yote ku siku ya Mungu. Tunachagua kazi mbili za lazima, zingine zinangoja. Vumbi ya siku tatu haijaua mutu.

Mama mujane, ao mama ambaye bwana yake anafanya kazi mbali, atasema: mimi sina wa kugawana naye. Ni kweli, na kwake ni nguvu zaidi. Lakini yeye pia aandike, kwanza juu ya kujua kazi gani anaweza kuiacha. Pa lupango yetu wamama watatu wanapokezana: juma hili mumoja anaenda ku soko kwa wote, juma lingine mwingine. Na wewe unayemulipa mutu akufulie, mulipe vizuri, umuache apate siku yake ya kupumuzika. Yeye pia ana nyumba.

Wikendi ni ya kazi gani?

Mutu anaweza kuuliza: ile nafasi munaifanyia nini? Hatufanyi jambo kubwa. Tunatembelea wagonjwa, ninaenda ku likelemba, tunakaa mu lupango na kukaanga karanga.

Siku moja ya posho tulikuwa tumekaa vile, na kijana wetu wa miaka 14 akaanza kuzungumuza, macho chini. Wenzake mu kalasi walikuwa wanaenda kila siku ya posho kusafisha mawe ya madini ku mutoni. Wanapata feza kidogo, na wawili walikuwa wamekwisha kuacha masomo. Walimuita yeye pia, na alikuwa anafikiri kwenda. Baba yake hakupiga kelele. Alimueleza vile ardhi inavyoanguka bila kutoa habari, mambo aliyoyaona na macho yake. Walizungumuza mpaka giza. Kijana yuko bado mu masomo.

Hapa Kolwezi munajua wenyewe watoto wangapi wako ku mawe. Na mutoto haanze kusema neno zito wakati mama ameinama juu ya beseni na baba amelala. Anangoja aone mutu amekaa. Juu ya ile njo tunatafuta siku ya posho, si juu ya uvivu.

Basi wamama, na ninyi wababa munaosoma gazeti hili kisha bibi zenu, fanyeni hivi: kamateni kaye, andikeni juma mbili, kila kazi na mwenye kuifanya. Musiandike kwa hasira. Kisha mukae wote pamoja, watoto vile vile, musome hesabu kwa sauti. Ondoeni kwanza kazi zisizo za lazima. Zile zinazobaki, zigaweni kufuatana na nguvu ya kila mutu, bila kutazama huyu ni kijana ao huyu ni binti. Kisha miezi mbili muhesabu tena, na mutuandikie juu ya yale muliyoyaona.