Nakala ya Pili

Mali iliyohifadhiwa katika kompyuta haina uzito wala haijazi chumba. Kwa hiyo ni rahisi mwenyewe kusahau kuilinda. Mkulima huweka mbegu mbali na chakula, na nahodha hapendi kusafiri na nanga moja. Mimi niliyajua hayo, lakini sikuyatenda.

Kwa miaka sita nilirekodi sauti ya mama yangu akisimulia hadithi alizozipokea kwa bibi yake. Zilikuwa hadithi 41, na zote nilizitia katika kompyuta moja, juu ya meza moja, katika nyumba moja. Mama alipofariki nilijifariji kuwa sauti yake haikuzikwa pamoja naye. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipoiwasha kompyuta ilitoa mlio mdogo kama wa kucha juu ya bati, kisha ikanyamaza. Fundi alinieleza kuwa sahani za diski ya namna ile huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kisomacho huelea juu yake bila kuzigusa. Kikizigusa, hukwaruza yaliyoandikwa. Nilimsikiliza kama mtu apewaye habari za msiba wa pili.

Hadithi tatu tu zilisalimika. Dada yangu alikuwa ameniomba nimpelekee Tanga katika flashi, ili wanawe wamsikie bibi yao. Sikuzipeleka kwa hadhari; nilizipeleka kwa mapenzi, na mapenzi yakafanya kazi iliyoishinda akili yangu.

Ajali hii huwapata hata mabingwa. Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko Marekani, sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 ilifutwa kwa makosa. Nakala za akiba zilipotazamwa zilikutwa mbovu. Msaada ulitoka katika nyumba ya mfanyakazi mmoja, mama mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa na nakala kwa kuwa alifanyia kazi nyumbani.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, alieneza kanuni fupi: nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Sababu yake ni wazi. Mwizi achukuaye kompyuta huchukua na diski iliyo kando yake, na moto hauchagui. Tena nakala isiyofunguliwa ikajaribiwa haiaminiki.

Sasa kila Ijumaa usiku huunga diski ya nje, hunakili, kisha huichomoa na kuifungia kabatini. Nakala nyingine iko kwa dada yangu. Ili kujaribu, hufungua hadithi moja. Katikati yake mama hukohoa, huomba maji, kisha huendelea. Zamani nilikusudia kukikata kikohozi kile. Leo nakihifadhi mara tatu. Msomaji, kama unayo sauti ya mtu umpendaye mahali pamoja tu, usilale kabla hujaipa mwenzake.