Mwaka wa Leeds, miezi ya Mwanza

Nyumba nyingi za zamani za Leeds, zile za matofali zilizoungana safu nzima ya mtaa, zina chumba chini ya ardhi. Hapo ndipo watu walipokuwa wakihifadhi makaa ya mawe. Makaa yaliisha, chumba kikabaki, na kwa mtengeneza waini ya matunda huo ni urithi wa maana: giza la bure na ubaridi wa nyuzi 12 au 13, ambao Mwanza huupati hata alfajiri ya Julai.

Agosti na Septemba watu wa huku Leeds huchuma beri nyeusi kandokando ya njia, wakazivundika kwa sukari na hamira maalumu ya waini, kisha wakamimina kwenye chupa kubwa ya kioo ya lita 4.5 yenye kimrija cha maji mdomoni, gesi itoke na hewa isiingie. Mashapo yakituama wanainyonya kwa mpira, wanaijaza kwenye chupa na kuishusha chini mpaka mwaka upite. Serikali haina neno, ilimradi huuzi.

Shangazi yangu wa Nyegezi, Mwanza, hutengeneza ya mananasi ya Geita, na ya rozela ikipatikana. Ana ndoo, dumu, hamira ya maandazi, na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji, ambao unafanya kazi ileile ya kimrija cha Leeds. Chupa zake ni za waini ya Dodoma, zilizokusanywa baada ya sherehe za watu. Nilipomwambia waini inafaa kulala mwaka mzima, alicheka: "Sasa mwanangu, mwaka mzima unamtunzia nani?" Yake ina tarehe tayari: kipaimara, harusi, Krismasi. Na ng'ambo ya Ziwa Victoria, kwa Wahaya, rubisi ya ndizi na mtama hunywewa ndani ya siku chache, kwa sababu bado inachachuka. Ukiichelewesha unakunywa siki.

Watu wa Leeds watasema tofauti ni subira. Mimi nasema ni joto. Kwa makadirio ya jumla, joto likipanda nyuzi 10 mabadiliko ya kikemia hukaribia kwenda kasi maradufu, kwa hiyo chupa iliyokaa chumbani Mwanza miezi michache imezeeka kama ya Leeds iliyokaa muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba haizeeki vizuri vilevile. Harufu ya nanasi hutoweka mapema, na hewa kidogo iliyobaki shingoni huiharibu kabla ukali haujalainika.

Lakini Mwanza ina kitu ambacho dari ya nyumba ya Leeds haina: joto lisiloyumba. Mji uko karibu na ikweta, mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto hupishana nyuzi chache tu mwaka mzima. Waini huumizwa sana na kupanda na kushuka, maana hutanuka na kusinyaa, kizibo kikapumua, hewa ikaingia. Kwa hiyo usiiweke juu karibu na bati, ambako mchana ni tanuri na usiku ni baridi. Iweke sakafuni, chumba cha ndani, mbali na ukuta wa mashariki na wa magharibi unaopigwa na jua. Wenye nyumba zilizoegemea majabali, kule Igogo na Mabatini, watafute upande ambao jiwe halioni jua kabisa. Jiwe la juani linatunza joto hadi usiku wa manane.

Dumu la plastiki ni la wiki, si la miezi, kwa sababu hupitisha hewa polepole. Chupa ijae hadi shingoni. Ya nanasi ningeinywa kabla ya miezi sita. Rozela ni kali na hulainika ikikaa, ila wekundu wake hufifia kwa mwanga na joto, kwa hiyo chupa iwe ya rangi ya giza. Ukitaka kuuza, hiyo ni safari nyingine, ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango.

Shangazi sasa hulaza chupa kwenye beseni la mchanga anaounyunyizia maji. Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu, mchanga hupoa kweli. Masika hausaidii kitu, na hapo ndipo huanza kuwaita majirani.