Mpishi Aliyeshiba Mapema

Tumbo la mwanamke halikosi maelezo. Likiuma, ni hedhi. Likijaa, ni mimba, na kama umri umesonga, basi ni hedhi inayokoma. Likiwaka moto usiku ni asidi, punguza pilipili. Shangazi yangu alipewa maelezo haya yote, na kila moja lilikuwa na mtu wa kuliapia.

Alikuwa na kibanda cha chakula Nakuru. Githeri, chapati, ugali na matumbo. Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye sahani yake mwenyewe: matonge matatu tu, halafu anaisukuma kando. "Nimeshiba." Wateja wakacheka, eti mpishi hushiba kwa pua.

Kisha akaanza kupungua. Kwenye chama wakamsifu: "Wee, umerudi kuwa msichana! Unakula nini?" Mwanaume akikonda hivyo, watu huuliza kama anaumwa. Mwanamke hupigiwa makofi.

Ukaja uchovu. Kliniki moja wakampima, damu ikawa chini. Wakamuuliza kuhusu hedhi, wakampa tembe za madini ya chuma, akaenda zake. Hakuna aliyeuliza kama kuna mahali pengine damu inavuja. Na tembe hizo hufanya choo kuwa cheusi, kwa hivyo choo kilipobadilika, zikalaumiwa tembe. Choo chenye damu kutoka tumboni huwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake ni kali ajabu. Hilo nililijua baadaye.

Kemisti naye alimuuzia dawa ya asidi, na ikamsaidia. Hapo ndipo huniuma zaidi. Dawa hizo zinaweza kutuliza dalili hata kama ndani kuna saratani, ukadhani umepona.

Alipoingizwa kamera, ule mrija mwembamba unaopitia mdomoni, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ovari. Saratani ya tumbo inaweza kusambaa hivyo kwa wanawake. Uvimbe unaonekana huko chini, kumbe chanzo kiko juu. Karo yangu ya mwaka wa pili ikaingia kwenye bili yake. Sikurudi chuo. Tulimzika mwezi wa nane.

Siandiki haya ili kila mwenye kiungulia akose usingizi. Mara nyingi si saratani. Hata bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, ambaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtaja mwaka 1994 kuwa chanzo kimojawapo, anaishi ndani ya watu wengi ambao hawatawahi kuugua saratani. Anapimwa kwa choo au pumzi, na antibiotiki humtibu.

Lakini hesabu dalili zako kwa pamoja. Kushiba haraka, kupungua bila kujaribu, damu iliyo chini, kutapika kila mara, chakula kukwama kooni, kiungulia kinachorudi kila dawa ikiisha. Kila moja peke yake ina kisingizio. Zikiwa mbili au tatu, na wiki zinapita, usirudi kwa kemisti. Nenda hospitali, zitaje zote kwa mpigo, kisha uliza maswali mawili: damu yangu inaenda wapi, na je, nahitaji kamera? Wakikuambia ni hedhi tu, uliza tena. Shangazi alikuwa amekoma hedhi miaka minne.