Sentensi mbovu

Mimi ni mtoto wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Kiswahili kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe sanifu ni Kiunguja cha mjini, basi sisi wa huku tunajiona tumezaliwa na kamusi mdomoni. Kwa majivuno hayo nilipanda gari ya Makunduchi, nilipopangiwa skuli ya huko kusini kusomesha Kiswahili darasa la tano.

Makunduchi wana lahaja yao, Kikae. Hilo nilikuwa nalijua, kama mtu anavyojua kuwa jirani ana mbuzi. Mtoto akijibu kwa Kikae namkata katikati: "Sema vizuri!" Kwenye daftari, wino mwekundu: Sentensi mbovu. Nikidhani nafanya kazi.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, muhula wa kwanza mkono wake haushuki. Muhula wa pili haupandi. Kwenye ripoti nikamwandikia: "Mzito wa kuzungumza." Bibi yake akaja na karatasi ile mkononi, harufu ya pwani bado iko nguoni, hata kukaa hakutaka.

"Mwalimu, huyu kwetu hanyamazi mpaka alale. Hapa mmemfanya nini?"

"Bibi, tutalitazama," nikasema. Jibu la kiofisi. Akanitazama, akaikunja karatasi yake, akaondoka.

Kesho yake nikaweka simu juu ya meza nikajirekodi kipindi kizima. Jamani, jaribuni siku moja, lakini jifungieni mlango kwanza kabla ya kusikiliza. Sauti ni yangu mwanzo mpaka mwisho. Nauliza swali, na kabla mtoto hajavuta pumzi nalijibu mwenyewe. "Mmefahamu?" "Ndiyooo!" Tunaendelea. Maneno yale ya barazani Jaws Corner, ambako mwenye kusita ananyang'anywa zamu, nilikuwa nimeyahamishia kwa watoto wa miaka 11.

Kuacha hakukuwa kwa siku moja. Nikiuliza, nahesabu kimoyomoyo moja mpaka tano. Mwanzo yalikuwa mateso. Wino mwekundu niliuwekea mpaka: makosa mawili tu kila insha, na chini yake naandika swali, kwa mfano, "Halafu ikawaje?" Nikatafuta na Kamusi la Lahaja ya Kimakunduchi, lililotolewa na BAKIZA mwaka 2012. Baraza la Kiswahili lenyewe limeyakusanya na kuyachapa maneno ambayo mimi nilikuwa nikiyapiga mstari! Mtihani unataka Kiswahili sanifu, hilo sikuwaficha watoto. Tukawa tunagawa ubao: huku cha nyumbani, huku cha mtihani. Ripoti ile nayo niliiandika upya, nikampelekea bibi mwenyewe. Aliipokea, hakusema kitu.

Karibu na mwisho wa mwaka mada ikawa pwani. Nikauliza nani amewahi kwenda mwambani maji yakitoka. Nikahesabu. Nilipofika nne, mkono ukapanda. Akaeleza wanawake wanavyoshuka wakati wa bamvua kutafuta pweza, na shimo lake wanavyolijua. Katikati akatia neno nisilolijua. Ulimi uliniwasha. Nikanyamaza mpaka akamaliza, kisha nikamwomba anieleze maana yake.

Darasa zima likacheka, na safari hii wakinicheka mimi. Akaja mbele, akachukua chaki, akaliandika mwenyewe upande wa nyumbani.