Farasi wa Bure

Farasi wa polo hunyolewa singa zote na mkia hufungwa, ili fimbo na hatamu zisinase. Kwa hiyo dalili ya kwanza kwamba amestaafu ni nywele. Zinachomoza shingoni kama brashi, halafu baada ya miezi zinalala upande mmoja. Mkia nao unaachwa huru ufukuze nzi. Baba, aliyekuwa saisi Nairobi kwa miaka 31, alipoziona nywele hizo alijua kitakachofuata: karibuni lori litakuja.

Nikiwa mdogo nilimsikia akisema jike fulani amecheza "chaka mbili", nikadhani huwa wanaingia msituni. Kumbe chaka ni kipindi, dakika saba hivi. Farasi anatimka, anafunga breki, anageukia miguu ya nyuma, anatimka tena. Ndiyo maana mchezaji mmoja huja na farasi kadhaa, akibadilisha kila kipindi. Miaka kumi ya kazi hiyo hujilimbikiza kwenye kano na viungo. Akifika miaka 16 au 18, farasi anaujua mchezo kuliko anayempanda, ila miguu imekataa. Na akitunzwa vizuri anaweza kufika 25, hata 30. Hiyo miaka kumi ya katikati nani atailisha?

Hapo ndipo neno "bure" huzuka. Mtu husikia farasi anatolewa bure, anakimbia. Lakini farasi wa kilo 450 hula karibu kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na hunywa lita 30 au zaidi. Kwato hukatwa kila wiki sita hadi nane. Meno yake huendelea kuchomoza na kuota makali, sharti mtaalamu ayapige tupa. Kuna chanjo ya kila mwaka dhidi ya ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi. Hapo hujajenga banda. Na usidhani utamfunga peke yake nyuma ya nyumba kama mbuzi wa sikukuu. Farasi ni mnyama wa kundi, akiachwa pekee huhangaika.

Kulikuwa na jike mmoja ambaye mwenyewe alimpa jina la Kizungu, na Baba akamwita Shangazi, kwa sababu aliwasukuma vijana wote kwenye hori na hakuna aliyethubutu kumjibu. Alikuwa na miaka 19. Wa kwanza kumtaka alikuwa bwana mwenye hoteli, alitafuta farasi mzee wa kubeba watoto wa wageni. Mzee maana yake mpole, si ndiyo? Baba alicheka. "Huyu amefundishwa kwa mkono mmoja na kwa makalio," akasema. "Mtoto akiinama mbele kidogo tu, Shangazi atadhani mpira umepigwa. Mtamtafutia huyo mtoto Kajiado." Kweli wako farasi wa polo ambao uzee huwageuza walimu wazuri wa wanaoanza. Shangazi hakuwa wa aina hiyo, na aliyelijua hilo ni yule aliyemtandika kila asubuhi.

Mwishowe akapata shamba karibu na Nanyuki, lenye farasi wengine wawili wazee. Mkataba ulikuwa kurasa mbili, na ulikuwa mzuri, sitaki kudanganya. Asiuzwe. Asizalishwe. Wakishindwa naye, arudishwe. Jina la mwenyewe lilikuwemo, la mpokeaji, la daktari. La Baba halikuwemo. Yeye aliambiwa ampandishe kwenye lori.

Usiku huo aliniita. "Leta kalamu, andika." Nikaandika kwenye karatasi ya daftari la shule: Nafaka ipunguzwe pole pole, asiachishwe ghafla. Chakula kilowekwe, meno ya nyuma si mazuri. Guu la mbele la kulia huvimba baridi ikizidi, atembezwe tu, asikimbizwe. Hapendi kushikwa sikio la kushoto. Aingizwe bandani kabla ya giza. Baba akafikiri, akaongeza: Ukimkuta amelala chali usishtuke, anajikuna. Asubuhi aliikunja karatasi ile na kumpa dereva.

Mwaka uliofuata Baba naye aliacha kazi. Alipewa mkono, blanketi, na mshahara wa mwezi mmoja. Hakukuwa na kurasa mbili. Hakuna aliyeuliza goti lake linasemaje baridi ikizidi. Yeye halalamiki, mimi ndiye nalalamika. Sisemi farasi amepewa kupita kiasi. Nasema waliomwandikia Shangazi mkataba walijua vizuri kwamba mwili uliochoka kazini unadai miaka ya matunzo. Walijua, na wakaishia bandani.

Watu wa Nanyuki waliisoma ile karatasi, maana walipiga simu. Shangazi alikuwa anatema madonge ya nyasi, wafanye nini? "Meno hayo," Baba akawaambia, "iteni mtu wa tupa." Siku hizi hupigiwa hata na watu asiowajua, waliopewa farasi wa bure wakabaki wamemkodolea macho. Anaweza kuongea nusu saa, bila haraka, akiwauliza rangi ya mavi na joto la kwato.

Nimemwambia aanze kutoza. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia atoze salamu. Kisha akauliza, "Ungetoza ngapi, wewe?"

Tunapiga hesabu.